Kompyuta Mpya, Mashine Kuukuu: Nani Anatunza Viendeshi?

Mashine nyingi za maabara na za picha haziwezi kufanya kazi zenyewe. GeneXpert, inayotambua vimelea vya kifua kikuu na usugu wake kwa dawa ya rifampicin katika muda wa takribani saa mbili, huongozwa na kompyuta iliyo pembeni yake. Kompyuta hiyo ikifa, mashine nzima isiyo na kasoro hugeuka pambo la meza. Kwa Tarime na Serengeti jambo hili si dogo. Nyamongo ni eneo la machimbo, na wachimbaji ni kundi linaloandamwa mno na kifua kikuu. Sampuli isiyopimika Tarime mjini au Mugumu hulazimika kusafirishwa kwingine, na siku zote hizo mgonjwa yuko nyumbani, anakohoa kati ya wanawe.

Basi huletwa kompyuta mpya. Lakini programu ya mashine iliyonunuliwa miaka kumi iliyopita huenda imeidhinishwa na mtengenezaji kwa Windows 7 tu. Fundi anaanza "kupiga Windows", na orodha ya diski inatokea tupu. Hapo hutolewa hukumu ya haraka: diski imekufa, kompyuta irudishwe.

Mara nyingi diski ni nzima. Windows 7 ilitoka mwaka 2009, kabla diski za NVMe hazijaingia madukani, hivyo haikuja na kiendeshi chake, yaani programu ndogo inayoufundisha mfumo kuzungumza na kifaa. Haikuja pia na kiendeshi cha bandari za USB 3, ndiyo maana hata kibodi na kipanya huweza kunyamaza katikati ya kazi. Windows XP iliyoitangulia ilikuwa na kisa hicho hicho kwa diski za SATA zilizowekwa katika hali ya AHCI, nayo ilidai kiendeshi kiletwe kwa flopi! Tiba ni kupata viendeshi kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta na kuvipachika katika faili za usimikaji kabla ya kuanza. Kwa kompyuta za kati, kubadili AHCI kuwa IDE hutosha. Ila hilo lisijaribiwe kwenye kompyuta yenye kumbukumbu za wagonjwa, kwa kuwa mfumo uliomo huweza kukataa kuwaka, na fundi mwenye haraka atafuta kila kitu ili aanze upya.

Wapo wasemao mifumo hii itupwe tu. Hoja yao ina nguvu: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia katika hospitali za Uingereza kupitia kompyuta zisizokuwa na masahihisho ya usalama, hata miadi inayokadiriwa kupita 19,000 ikafutwa. Lakini kuitupa mashine ya maabara kwa sababu ya umri wa kompyuta yake ni anasa ambayo halmashauri zetu hazina. Mfumo wa zamani ubaki, ila usiunganishwe na intaneti, na flashi za mitaani zisiuguse. Viendeshi navyo visiokotwe kwenye tovuti yoyote ile. Huko ndiko virusi hupewa jina la msaada.

Ninachokidai ni kwamba kiendeshi kihesabiwe kama kitendanishi. Hakuna maabara inayopokea mashine bila vitendanishi vyake, lakini tunapokea kompyuta bila viendeshi, bila nakala kamili ya diski, na bila maandishi ya kuonyesha mfumo gani umesimikwa. Mkataba wa ununuzi uvitaje. Na mashine inayofuata itakapofika Nyamwaga au Mugumu, kamati ya ukaguzi na mapokezi imtake mzabuni asimike mfumo upya mbele yao, kwa flashi atakayoiacha kabatini, kabla haijatia sahihi.