Mto wa Shingo: Umbo Kwanza, Ulaini Baadaye

Leo tuweke kando programu na hifadhidata, tuzungumzie kifaa kisicho na waya wala betri: mto wa shingo wa safari. Kwa sisi tunaoishi Ukunda, Diani au Msambweni huku wateja wengi wakiwa Nairobi, hili si jambo la anasa. Ni matatu hadi Likoni, feri, kisha basi la usiku la kilomita 480 hivi. Unafika asubuhi shingo imekaza, unaingia mkutanoni, halafu unainamia kompyuta masaa manane. Siku inaharibika, na aliyekuita hajui kwa nini akili yako ni nzito.

Maoni yangu ni haya: wengi wetu huchagua mto kwa kuuminya kwa vidole dukani. Ukiwa laini, tunalipa. Swali la kwanza lingepaswa kuwa, je, mto huu utakizuia kichwa changu kisiangukie wapi? Umbo lije kwanza, kilichojazwa ndani kifuate. Na mto wenye umbo zuri unaweza kushonwa hapa hapa Kwale.

Tuanze na mzigo wenyewe. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikikaa wima, shingo inaubeba uzito huo bila taabu. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alitumia modeli ya kompyuta kukadiria kinachotokea kichwa kikiinama mbele. Kwa nyuzi 15 mzigo juu ya shingo unafika kilo 12 hivi, na kwa nyuzi 60 unafika kilo 27. Alikuwa akiwafikiria watu wanaoinamia simu, lakini abiria aliyesinzia kidevu kikiwa kifuani yuko katika hali hiyo hiyo, tena bila habari.

Sasa tazama ule mto wa kawaida wenye umbo la herufi U. Sehemu nene iko nyuma, mahali ambapo kiti tayari kinakuegemeza. Unene huo unakisukuma kichwa mbele, na huko mbele mto uko wazi. Yaani umesukumwa kuelekea shimoni! Kwenye treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, viti vya daraja la kawaida havilali nyuma, na hapo kasoro hii huonekana zaidi.

Kama unao mto wa aina hiyo, usiutupe. Ugeuze, uwazi uwe nyuma na sehemu nene ikae chini ya kidevu. Jaribio hili ni la bure. Kama huna kabisa, chukua leso, ikunje iwe kama nyoka mnene, izungushe shingoni na uifunge kwa mbele. Hilo ndilo toleo la majaribio. Litakuonyesha unahitaji unene kiasi gani kabla hujatoa hata shilingi.

Umbo likishaeleweka, ndipo tuje kwenye kilichomo ndani.

Sponji ile inayobonyea polepole ina historia tamu. Ilibuniwa mwaka 1966 na Charles Yost katika kazi aliyofanya kwa ajili ya NASA, ili kuboresha viti vya ndege. Lakini ina tabia moja: ikipata joto hulainika, ikipata baridi hukakamaa. Kwenye foleni ya feri Likoni itakuwa laini na kukutoa jasho. Alfajiri, basi likikaribia Nairobi, mto huo huo umekuwa mgumu kiasi. Bado unafaa, ila usidhani ulivyouminya dukani Diani ndivyo utakavyokuwa safari nzima.

Mto wa kupuliza hauchukui nafasi mkobani, lakini nao una hesabu yake. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu ya lile la pwani kwa karibu moja ya tano. Ukiujaza pomoni Likoni, utazidi kukaza kadiri basi linavyopanda. Uache na ulegevu kidogo.

Halafu kuna usufi wetu. Nyuzi za tunda la msufi ni nyepesi mno, zina uwazi ndani uliojaa hewa, na juu zina nta inayozuia maji. Ndiyo maana zamani zilijazwa kwenye jaketi za kuokolea maisha baharini. Zinapitisha hewa vizuri kuliko sponji. Kasoro yake ni kwamba hujikusanya na kufanya mabonge, kwa hiyo mto wa usufi lazima uufumue na kuuanika mara kwa mara. Jua hatujakosa. Usufi pia hushika moto haraka, basi uwe mbali na sigara na jiko.

Anayedhani ulaini ndio starehe na awatazame Waturkana wa kaskazini. Ekicholong yao ni kigoda kidogo cha mti: mchana hukaliwa, usiku hulaliwa. Ni kigumu kabisa, lakini kinaishika shingo panapostahili.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Nenda kwa fundi cherehani na vipimo, kama mteja anayekuja na mahitaji yaliyoandikwa. Pima kutoka chini ya sikio hadi begani; huo ndio unene wa pembeni, kushoto na kulia. Nyuma usizidi unene wa vidole viwili. Mbele ufungike kwa kitufe au kamba, chini ya kidevu, bila kukaba koo. Foronya iwe ya pamba na yenye zipu ili ifuliwe. Uukalie kwenye kiti chenye mgongo wima, usinzie robo saa, kisha mrudishie fundi marekebisho. Mto wa kiwandani umekatwa kwa shingo ya kukadiria. Huu umepimwa kwa shingo yako, na fedha imebaki Ukunda.

Mto hautibu ugonjwa. Ukiona maumivu hayaishi kwa siku kadhaa, au mkono unakufa ganzi, nenda ukamwone daktari. Lakini kwa uchovu wa barabara, mita moja ya kitambaa na usufi kidogo vinaweza kukufikisha Nairobi ukiwa mzima wa kufanya kazi uliyoendea. Safari njema.