Ardhi iliyobeba nyumba 8 hadi baharini

Wengi wenu mliiona ile video kwenye simu: Juni 2020, kule Alta, kaskazini mwa Norway, nyumba 8 zinateleza pamoja na ardhi na kutumbukia baharini. Alhamdulillahi hakufa mtu. Mbwa mmoja aliogelea hadi nchi kavu. Lakini Desemba hiyo hiyo, huko Gjerdrum, ardhi ya aina hiyo iliporomoka kabla ya kucha na kuua watu 10.

Ni udongo wa mfinyanzi uliotua chini ya bahari wakati barafu kuu ikiyeyuka. Baadaye nchi ikainuka, maji ya mvua yakaosha chumvi iliyokuwa imeushikilia. Ukiukanyaga ni mgumu. Ukivurugwa, huwa uji.

Wahandisi huuchungulia kwa fimbo ya chuma yenye ncha ya koni, inayosukumwa chini sentimita 2 kwa sekunde huku ikipima ukinzani wa udongo, msuguano na shinikizo la maji. Hata hivyo huchukua sampuli pia wapeleke maabara, kwani koni peke yake yaweza kudanganya.

Sisi Pwani hatuna udongo huo. Tuna mchanga, matumbawe, na mapango ndani ya hayo matumbawe. Kwenye jiwe koni haipenyi. Ni kutoboa kwa mashine. Nilipojenga, fundi alichimba futi tatu akagonga jiwe: "Bwana, hapa pagumu, tumwage zege." Nikakubali. Pesa za kupima nilikuwa nazo, nikanunulia vigae. Sasa mdogo wangu ataka kupandisha ghorofa mbili juu yake. Nimemwambia asubiri, tutoboe kwanza.