Kabla Ghala Halijafagiliwa

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Uyui, Isikizya.

Ndugu Mkurugenzi,

Hapa Kigwa kina mama huanika michembe ya viazi vitamu kwenye sakafu ya ghala la zamani la tumbaku. Siwalaumu. Ni saruji pana, haina mchanga, na tangu mabati yang'olewe jua linaipiga kutwa nzima. Lakini kona ya mashariki imegeuka manjano. Ukiisugua kwa kidole inamong'onyoka. Mvua za kwanza zikinyesha, hunuka dawa. Nyuma ya ghala majani hayaoti, na hatua 40 kutoka hapo kuna kisima.

Kijijini wanasema ghala lifanywe soko. Wazo zuri. Ninachoomba ni kwamba lisifagiliwe wala kuchimbwa kabla udongo haujapimwa, maana kama sumu ipo, ufagio utaitawanya hadi vyunguni.

Sidai kwamba ipo. Ila nayajua ya Vikuge, Kibaha. Mwaka 1986 shamba la serikali la pale lilipokea viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, vingine muda wake umekwisha. Ghala likachakaa, dawa zikabaki. Watafiti walipochukua udongo miaka mingi baadaye, DDT ilikuwa bado imo.

Hapa Kigwa upimaji uanzie kwa wazee. Wapo waliobeba mizigo ghalani. Wanajua pipa lipi la dawa lilikaa wapi, na lipi lilivuja. Asipowauliza, mpimaji atachimba pasipo kitu kisha aandike kuwa ni salama. Halafu Ofisa Mazingira wako, ambaye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inamtaka awepo kila halmashauri, achukue udongo wa juu na wa chini, maji ya kisima, na udongo wa mbali wa kulinganishia. Vyote viende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kigwa imezoea wapita njia. Misafara ya pwani ilikuwa ikilala hapa. Mpelelezi Stanley naye alipita mwaka 1871. Hao angalau waliacha majivu ya mafiga tu.

Viazi vinakaribia kuchimbwa. Nimewaomba kina mama wahamishie michembe kwenye majamvi. Wameniuliza, kwani kuna nini pale? Nimewajibu kwamba nakuandikia wewe.

Mkazi wa Kigwa