Kila shule ya bondeni ijenge ulingo

Babu yangu alijenga ulingo shambani ili afukuze ndege wasimalize mpunga. Mimi, fundi seremala hapa Kigali, nimejenga wangu nyuma ya nyumba ili niwatazame ndege hao hao.

Ni nguzo nne za mkaratusi, sakafu ikiwa mita tatu kutoka ardhini. Nimezikaza kwa mbao za mshazari na bolti, kwa kuwa msumari hulegea upepo ukitikisa. Ukingo wa juu unamfika mtoto kifuani.

Majirani husema ulingo ni wa mwindaji. Nawajibu kwamba zama zimebadilika. Nyandungu, bonde lililokuwa limeharibika, ni bustani iliyo wazi kwa watu tangu 2022. Kule Umusambi Village wanatunzwa korongo taji waliookolewa majumbani, wengine hawawezi kuruka tena. Walifugwa kama mapambo.

Ndiyo maana naomba kila shule iliyo kando ya bonde ijenge ulingo. Alfajiri moja binti yangu alinibana mkono, akanong'ona: "Baba, usikohoe." Mtoto wa namna hiyo hatamfunga ndege kamba.