Ndoa Iliyoanzia Kwenye Barua

Jina la Lord Byron, mtunga mashairi wa Uingereza, linajulikana na wengi. Habari za mkewe zinajulikana na wachache, na hao nao aghalabu wameelezwa kwamba alikuwa mwanamke mkavu wa moyo, asiyejua kusamehe. Ndoa yao ilidumu mwaka mmoja na majuma mawili tu, lakini ubishi juu yake haujakwisha hata leo.

Siku hizo Mfalme George III alikuwa mgonjwa wa akili, na tangu 1811 hadi 1820 mwanawe ndiye aliyetawala kwa niaba yake. Makabaila wa London walishindana kwa karamu, kamari na madeni. Ndoa baina yao ilikuwa kwanza mapatano ya mashamba na fedha, ndipo yakafuata mambo ya moyo. Na msomaji akumbuke kwamba kwa desturi yao mali haikutolewa na bwana harusi kuwapa wakwe; ilitoka kwa wazazi wa mwanamwali, ikaingia nyumbani kwa mume.

Annabella Milbanke alizaliwa mwaka 1792, mtoto wa pekee wa wazazi waliokaa miaka kumi na mitano katika ndoa bila kupata mtoto. Alilelewa kama yai. Alipenda hesabu na elimu ya nyota, hata Byron akamtania kwa kumwita Binti Mfalme wa Misambamba. Mwaka 1812, Byron alipokuwa amepata umaarufu wa ghafla kwa mashairi yake, alimposa binti huyo kwa mkono wa shangazi yake, Lady Melbourne. Posa ikakataliwa. Shangazi akamwuliza mpwawe ni mume wa namna gani basi anayemtaka, naye binti akaketi akaandika sifa zote anazozihitaji. Maandishi hayo yalifanana zaidi na masharti ya kumwajiri karani kuliko maneno ya msichana anayetazamia kuolewa.

Ajabu ni kwamba mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, ni yeye mwenyewe aliyeanza kumwandikia Byron. Ili asionekane kuwa anamtafuta, alidokeza kwamba moyo wake uko kwa mwanamume mwingine. Mwanamume huyo hakuwapo. Ulikuwa uongo mdogo wa haya, wa kujistahi, lakini ulimfunga: asingeweza kumwonyesha Byron mapenzi yake bila kukiri kwamba alimdanganya. Basi wakaandikiana zaidi ya mwaka mzima bila kuonana. Katika barua, Byron alimwona malaika atakayemwongoza. Annabella alimwona mkosaji anayengoja mtu wa kumwongoa. Kila mmoja aliipenda karatasi. Byron alipoposa tena Septemba 1814, kwa barua vilevile, alikubaliwa mara moja.

Bwana harusi hakuonyesha haraka. Rafiki yake John Hobhouse, aliyefuatana naye safarini kuelekea Seaham katika jimbo la Durham, aliliona hilo na kuliandika. Walifunga ndoa tarehe 2 Januari 1815 sebuleni kwa wazazi wa bibi, kisha wakaenda kukaa Halnaby, katika Yorkshire, wakati wa theluji. Huko huko Byron alianza kumwambia mkewe kwamba angalimkubali mara ya kwanza, angalimwokoa. Sasa wakati umekwisha pita. Ni maneno mazito kumwambia mwanamke aliyeolewa jana.

Walipohamia London walipanga nyumba nambari 13, Piccadilly Terrace, kwa kodi ya pauni 700 kwa mwaka. Mali ya bibi iliyoahidiwa, pauni 20,000, haikuwa mkononi. Wadai waliposikia kwamba Lord Byron ameoa mrithi wa mali, wakaja wote kwa pamoja. Kufikia Novemba 1815 mjumbe wa sheria alikuwa amekwisha ingia nyumbani humo kuzuia vyombo, akawa analala humo humo, na mke ni mja mzito. Byron alikunywa, akafoka, akalala na bastola zilizoshindiliwa kando ya kitanda.

Palikuwapo pia Augusta, dadake Byron kwa baba, ambaye naye alikuwa ameolewa na ana watoto. Uvumi wa mjini ulisema kwamba baina ya ndugu hao wawili pamekuwapo mambo yasiyowapasa ndugu. Annabella alianza kushuku, na Byron kwa ukatili wa ulevi alizidi kumdokezea. Lakini usiku wa fujo ni Augusta aliyekaa naye, akamtuliza na kumkinga. Ni vigumu kufikiri hali ngumu kuliko hiyo ya mke: mtu anayemshuku kuliko wote ndiye pekee anayemtegemea.

Binti yao Ada alizaliwa tarehe 10 Desemba 1815. Annabella, aliyezoea kutafuta jibu la kila swali, alishika njia ya hesabu. Mume huyu ama ni mwendawazimu, ama ni mwovu. Kama ni mwendawazimu, wajibu wa mke ni kukaa na kumwuguza. Kama ana akili timamu, hasameheki. Akapekua vitu vya mumewe, akamwendea daktari Matthew Baillie kwa siri. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 1816 aliondoka na mtoto kwenda kwa wazazi wake, na kwa kuwa alishauriwa asimchokoze mgonjwa, alimwandikia barua za upole. Ile ya siku ya pili ilimwita kwa jina lao la utani, Bata. Siku chache baadaye akaarifiwa kwamba waganga hawakuuona wazimu. Tarehe 2 Februari baba yake aliandika kudai watengane.

Byron aliduwaa. Alikuwa na barua ya Bata mkononi! Hapo ndipo wengi walipomwita mwanamke huyo mnafiki. Hukumu hiyo haikuitazama sheria ya wakati ule. Mtoto alikuwa wa baba. Mama hakuwa na haki ya kumlea mpaka sheria ya mwaka 1839 ilipompa nafasi ya kuomba, tena kwa watoto walio chini ya miaka saba. Na mke akirudi kitandani kwa mumewe, mahakama ya kanisa ilihesabu kwamba amesamehe yote. Ukimya na mwendo wa tahadhari ndivyo silaha alizokuwa nazo. Tarehe 22 Februari alimweleza mwanasheria Stephen Lushington jambo faraghani, naye Lushington tangu hapo akasema kwamba mapatano hayawezekani. Byron alitia sahihi hati ya kutengana tarehe 21 Aprili, siku nne baadaye akaiacha Uingereza, asirudi tena. Alifia Ugiriki mwaka 1824.

Annabella hakuolewa tena. Alianzisha shule ya watoto wa maskini huko Ealing, akamfundisha Ada hesabu kwa bidii, na picha ya baba yake ikafunikwa kwa pazia mpaka binti akawa mtu mzima. Miaka yote hiyo aliandika maelezo, akanakili barua, akakusanya ushahidi kana kwamba kesi ingeitwa kesho. Aprili 1851, miaka thelathini na mitano baada ya kuachana, alikutana na Augusta katika hoteli moja ya Reigate. Alifuatana na kasisi awe shahidi. Alitaka kusikia neno moja, kwamba Augusta ndiye aliyechochea chuki ya Byron juu yake alipokuwa ugenini. Augusta alikana. Walikuwa bibi wawili wazee, mmoja wao tayari mgonjwa, nao wakaagana bila kupatana. Oktoba ya mwaka huo Augusta akafariki. Lady Byron aliendelea kuzitunza karatasi zake mpaka alipofariki naye tarehe 16 Mei 1860.