Uso wa mama mkimbizi si akte ya kuzaliwa

Kasuku, Kindu – Kuna neno linalotembea katika avenyu za Kasuku, sokoni na hata pale watu wanapochota maji: "Yule mama si wa miaka 35, anadanganya. Angalia uso wake!" Mama huyo amekimbia vita Kivu ama Salamabila, amelala porini, amebeba watoto mgongoni. Akifika, jirani anamhesabia miaka kwa makunyanzi. Wengine wanaongeza kwamba amezeeka mbio sababu ya ulozi. Maneno hayo ni ya uongo, tena yanaumiza watu.

Ndani ya seli za mwili kuna kromozomu, na kwenye ncha zake kuna telomeri, kama kile kichwa cha plastiki kinachozuia kamba ya kiatu isifumuke. Kwa kawaida seli ikigawanyika, telomeri inapungua. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipata tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kazi juu ya telomeri.

Mwaka 2004, Blackburn na Elissa Epel walitangaza matokeo ya wamama 58 wa Marekani, wengi wao wakilea watoto wenye ugonjwa wa muda mrefu. Wale waliolemewa zaidi na mawazo, telomeri zao zilikuwa fupi kama za watu waliowazidi miaka 10 hivi. Na hao hawakukimbia risasi.

Karibu na kwetu, Goma, kazi iliyotangazwa mwaka 2012 na Connie Mulligan na wenzake iliangalia wamama 25 na watoto wao wachanga. Haikupima telomeri. Lakini ilikuta kwamba mama aliyepita katika mateso zaidi alizaa mtoto wa kilo chache, na alama za kemia kwenye jeni za mtoto zilikuwa tofauti. Kazi hizo zilikuwa ndogo, ni kweli. Hata hivyo zinasema mambo mengi kuliko jicho la jirani.

Mtu atasema: basi damu ipimwe, tujue nani mwongo. Hapana. Watu wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kuwa na telomeri za urefu tofauti, tangu tumboni. Telomeri haisomi mwaka wa kuzaliwa. Kama labo haiwezi, macho yataweza wapi?

Kwa hiyo, anayeandika majina ya wakimbizi aache kukata umri kwa sura. Mama akihesabiwa mwongo, anafutwa kwenye liste. Kijana wa miaka 15 mwenye uso mgumu akiandikwa mtu mzima, anapoteza ulinzi ambao sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inampa kila mtu wa chini ya miaka 18. Aliyepoteza karte njiani aulizwe: wakimbizi wa Rwanda walipoingia Kivu mwaka 1994, ulikuwa umezaliwa? Nyiragongo ilipolipuka mwezi wa kwanza 2002, ulikuwa darasa la ngapi? Majibu hayo yanakaribia ukweli.

Wazazi wa watoto waliozaliwa njiani nao wasikawie: kuandikisha mtoto kwenye komini ni bure ndani ya siku 90.

Na jirani aache neno la ulozi. Mama aliyekimbia anahitaji chakula, na usingizi bila woga. Kumsema vibaya kunamwongezea mzigo uleule uliomzeesha.