Mtoataarifa Namba 7 Anaishi Wapi?

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Kasongo nikiwa na swali moja la toni. Katika rekodi nilizochukua Kabambare kwa ajili ya tasnifu yangu ya Kibangubangu, bibi mmoja mfinyanzi anataja maneno mawili, moja la chungu na jingine la udongo kabla haujachomwa, na hapohapo jogoo anawika. Konsonanti na irabu zinasikika, toni hazisikiki. Kama toni ni zilezile, nina neno moja lenye maana mbili. Kama zinatofautiana, nina jozi ambayo mwalimu yeyote wa fonolojia angeifurahia. Njia ya kumfikia bibi ilikuwa moja tu: mjukuu wake, ambaye anwani yake ya barua pepe ilikuwa katika kompyuta ya Baba.

"Majina yote imepotea," Baba aliniambia hata sijavua viatu. Mtoto wa Kasongo hamsahihishi baba yake upatanisho wa ngeli, na hapana haja ya kumsahihisha, kwa sababu ndivyo tunavyosema kwetu. Nilichouliza ni: yamepoteaje?

Baba alifundisha sekondari miaka mingi, kwanza Kabambare, kisha Kasongo. Wanafunzi wake wametawanyika: Kindu, Kalemie, Uvira, Bukavu, Lubumbashi, wengine wamevuka ziwa hadi Kigoma. Tangu alipopata kompyuta amekuwa akiwaandikia kuwauliza jinsi mambo yanavyoitwa vijijini kwao: aina za mitego ya samaki, majina ya uyoga, salamu za msibani. Yeye hauiti utafiti. Anauita kujuliana hali. Lakini nusu ya watu walionisaidia katika tasnifu yangu niliwapata kupitia barua hizo.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, kuukuu, inayotegemea paneli ya sola na betri. Intaneti inanunuliwa kwa megabaiti kupitia modemu ya simu, kwa hiyo Baba aliipanga Thunderbird kwa njia ya POP: inafungua mawasiliano, inashusha barua zote kwenye diski, inazifuta kwenye seva, kisha mawasiliano yanafungwa na mzee anasoma polepole bila kuchoma pesa. Kwa mtu wa mazingira yetu mpango huo una akili. Hatari yake ni kwamba nakala inakuwa moja tu, na inakaa sebuleni. Virusi viliingia kupitia flashi ya mgeni, fundi akaitwa, fundi akafomati diski na kuweka Windows upya. Kompyuta ikapona. Barua na kitabu cha anwani vikaondoka.

Naeleza kwa kirefu kidogo tulivyofanya baada ya hapo, kwa sababu najua wapo wasomaji wenye msiba kama huu. Kufomati kwa haraka hakufuti maandishi yaliyomo kwenye diski ya kawaida. Kunafuta fahirisi, yaani orodha inayoiambia kompyuta kwamba faili fulani linaanzia hapa na kuishia pale. Maandishi yenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Diski mpya za SSD hazina subira hiyo, mara nyingi husafisha nafasi iliyoachwa muda mfupi baada ya kufutwa. Ya Baba ilikuwa ya zamani, inayozunguka, na uzee wake ndio uliotusaidia.

Jambo la kwanza basi ni kuizima na kutoitumia tena. Tuliitoa diski, tukaiunga kwa waya wa USB kwenye kompyuta yangu, tukaendesha PhotoRec, programu ya bure inayotafuta mafaili bila kutegemea fahirisi, na kila ilichokipata tukakihifadhi kwenye diski nyingine. Thunderbird za wakati ule ziliweka kitabu cha anwani katika faili linaloitwa abook.mab, na anwani ilizoziokota zenyewe kutoka katika barua zilizotumwa katika jingine linaloitwa history.mab. Hayo mawili hatukuyaona. Inaelekea Windows mpya ilikwisha kuandikwa juu yake. Lakini barua zenyewe huhifadhiwa kama maandishi ya kawaida, nyingi pamoja katika faili moja refu, na kila barua ina mstari wa aliyetuma na mstari wa aliyetumiwa. Nikawa nafungua kipande baada ya kipande na kutafuta alama ya @. Betri ikiisha tunalala, jua likitoka tunaendelea.

Baada ya siku nne tulikuwa na anwani themanini na kitu kati ya karibu mia mbili ambazo Baba anakadiria alikuwa nazo. Hapo nikadhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Orodha ilikuwa ya anwani, haikuwa ya watu. Mmoja alijiita kwa jina la timu ya mpira na mwaka. Mwingine alitumia herufi tatu na tarakimu. Wengine walitumia jina la Kikristo walilolipata wakubwani, ambalo Baba hakulijua darasani. Baba alitambua robo hivi. Waliobaki walitambuliwa na Mama, ambaye hajawahi kutuma barua pepe hata moja. Nilimsomea kwa sauti mistari michache ya kila barua, naye akipepeta mchele. "Huyo ni mtoto wa fundi cherehani wa Kipaka," akasema. "Dada yake aliolewa Salamabila, wakakimbilia kwa shemeji yao Kalemie." Au: "Huyo ndiye aliyekuja na mkewe kwenye arobaini ya bibi yako." Mashine iliturudishia herufi. Aliyeturudishia watu ni Mama, kwa kujua nani ni nani kwa nani.

Kutokana na siku hizo nimerudi kitivoni na ugomvi, na ugomvi huo ndio sababu ya kuandika makala hii. Nasema kwamba sisi wanafunzi wa lugha za Kiafrika tunawapoteza watu wetu bila virusi wala fundi. Tunawapoteza kwa utaratibu. Fungua tasnifu yoyote ya isimu maktabani, nenda kwenye sura ya mbinu za utafiti, utamkuta Mtoataarifa Namba 7: mwanamke, umri miaka 60 na zaidi, mkulima. Muulize aliyeandika, miaka miwili baadaye, Namba 7 anaishi wapi na nani anaweza kumfikia. Atakuambia namba ilikuwa kwenye simu ya zamani. Rekodi ipo, unukuzi upo, majedwali ya nomino yapo. Mtu hayupo.

Kwa lugha kubwa hasara hiyo inavumilika. Ukimpoteza msemaji mmoja wa Kiswahili, toka nje uite mwingine. Lugha za kusini mwa Maniema haziko hivyo. Kibangubangu, ambacho Guthrie alikipa namba D27, kina maandishi machache sana. Kazi ya kisarufi inayotajwa zaidi ni muhtasari wa A. E. Meeussen uliochapishwa Tervuren mwaka 1954, nao umeandikwa kwa Kiholanzi. Jirani yake Kizimba, D26, hakina hali nzuri zaidi. Kiswahili chetu wenyewe, kilichopanda na misafara na kuota mizizi Kasongo wakati mji ulipokuwa makao ya Tippu Tip, kimezikalia lugha hizo sokoni, shuleni na msikitini. Juu ya hayo yote, vijiji vya upande wa Salamabila vimehamwa na kurudiwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya makundi yenye silaha. Msemaji niliyemrekodi chini ya mwembe mwaka juzi huenda leo yuko ng'ambo ya Tanganyika. Katika hali hiyo, anwani ya mjukuu wake ni sehemu ya data sawa na rekodi yenyewe.

Mwaka jana tulisoma katika semina habari za shajara ya Livingstone. Alikaa miezi mingi Bambarre, yaani Kabambare, mwaka 1870, miguu ikiwa na vidonda, na karatasi zikamwishia. Akawa anaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la The Standard, kwa wino alioukamua kutoka katika mbegu za mmea wa huko. Wino ulififia mpaka sehemu kubwa ya maandishi haikusomeka. Ukurasa wake wa mwaka 1871, wenye habari za mauaji ya sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai, ulisomeka upya wakati watafiti walipoupiga picha kwa miali ya mwanga ya aina mbalimbali, na matokeo yakatolewa mwaka 2011. Semina nzima ilistaajabia teknolojia. Mimi nakumbuka jambo jingine: karatasi zile zilitunzwa zaidi ya miaka 130 na watu ambao hawakuweza kuzisoma. Teknolojia ilipokuja ilikuta kitu cha kufanyia kazi. Sisi hatutakiwi kungoja miaka 130. Tunatakiwa kutunza daftari moja mpaka mwanafunzi anayefuata afike.

Najua hoja itakayoletwa, na nimekwisha kuisikia kutoka kwa mhadhiri ninayemheshimu. Maadili ya utafiti yanataka tufiche utambulisho wa watoataarifa. Mahali penye vita, orodha ya majina na makazi inaweza kumletea mtu madhara. Ni kweli, na mimi ninayetoka huko sihitaji kukumbushwa. Lakini kuficha ni tendo la mtu anayejua kitu kilipo. Anayeficha jina huliondoa kwenye tasnifu na kulifungia mahali salama. Asiyejua lilipo hajamlinda mtu yeyote; amemsahau tu, kisha usahaulifu wake tunauita maadili. Tena bibi mfinyanzi hakuniomba nimfiche. Aliniuliza kitabu kitakapokwisha atakionaje. Nikamwahidi nitamletea. Ahadi hiyo iliandikwa wapi katika fomu ya ridhaa? Fomu yetu ina mahali pa yeye kuniruhusu niondoke na maneno yake. Haina mahali pa mimi kurudi.

Ninachopendekeza hakihitaji bajeti. Kila mwanafunzi anayekwenda uwandani arudi na daftari la watu, tofauti na daftari la data, lenye nakala mbili: moja ya karatasi, moja ya faili jepesi la maandishi ambalo programu yoyote inaweza kulifungua miaka kumi ijayo. Kwa kila mtu liseme anaitwaje na majirani, ni nani kwa nani, nani atajua alikohamia endapo atahama, na ameruhusu nini. Kipengele cha "nani atajua" ndicho muhimu kuliko vyote, kwa sababu simu hubadilishwa na barua pepe husahaulika nywila, lakini shangazi huwa anajua. Daftari la karatasi lifungiwe katika idara, lisomwe kwa idhini ya msimamizi, lisichapishwe kamwe. Na siku ya utetezi wa tasnifu, baada ya maswali ya nadharia, mtahini mmoja aulize: ukitaka kumwuliza tena Namba 7, utaanzia wapi?

Mimi kwa sasa nisingejibu swali hilo vizuri. Anwani ya mjukuu wa bibi tuliipata katika kipande cha mwisho tulichofungua, imekatika. Diski hugawa maandishi katika vifungu, kwa kawaida vya baiti 4096 kila kimoja, na kifungu kilichofuata kilikwisha kuchukuliwa na Windows mpya. Tulikuwa na jina lake na alama ya @, baada ya hapo hapana kitu. Mama anajua kwamba kijana alikwenda Uvira kwa mjomba wake, na ametuma salamu kwa mtu anayekwenda huko. Mimi niliandika barua moja nikaituma kwa kubahatisha mara tatu, nikimalizia kwa majina ya huduma ambazo watu wa kwetu hutumia zaidi. Ile ya yahoo.fr ilirudi siku hiyohiyo, na ya pili vilevile. Ya gmail haikurudi, wala haijajibiwa.

Katika tasnifu nitakayowasilisha mwezi ujao maneno yale mawili yana alama ya kuuliza mahali pa toni. Msimamizi wangu amenishauri niyaondoe ili jedwali liwe safi. Nimemwomba yabaki, na chini yake niandike sababu: sikuweza kumrudia aliyeyasema.